Usitupe mizani yako ya zamani, iongezee kompyuta poti kwanza



Mimi nauza kahawa ya kukaanga mtandaoni kutoka hapa Moshi, maeneo ya Mawenzi. Nafunga paketi za gramu 250, gramu 500 na kilo. Kazi naifanya usiku, alfajiri mzigo unaingia kwenye basi la Dar. Nilikuwa nasoma mizani, naandika uzito kwa mkono kwenye lebo, macho yamejaa usingizi. Wiki moja wateja watatu wakapokea gramu 250 zenye lebo ya 500. Nikarudisha hela zao, nauli ya mzigo juu yangu, na mmoja hajanunua tena mpaka leo.

Kumbe mizani yangu ina tundu la pini 9 nyuma. Hiyo ndiyo poti ya siriali, inatuma uzito moja kwa moja kwenye kompyuta, huandiki kitu. Tatizo, kompyuta yangu ya mtumba ilikuwa na poti moja tu ya hivyo, na printa ya risiti imeshaikalia. Fundi mmoja akaniambia mizani imepitwa na wakati, ninunue nyingine. Nikasita. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na yangu imeshahakikiwa. Vile vimizani vya jikoni vya bei chee sio vya kupimia wateja.

Dawa yake ni kadi ya kuongeza poti. Unaichomeka ndani ya kompyuta, nyuma yanatokea matundu mapya mawili au zaidi. Lakini sikilizeni nilivyochoma hela: nilinunua kadi bila kufungua kompyuta. Elfu 35 ikaenda, kadi haikuingia, na muuzaji akagoma kurudisha.

Kwa hiyo fuata hatua hizi:

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha. Shika chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu ndani, maana umeme tuli wa mwilini unaua vifaa.

2. Angalia mazabodi kwanza. Nyingine zina safu ya pini zilizoandikwa COM. Ukizikuta, pengine huhitaji kadi kabisa, unatafuta waya wake tu wenye tundu la kufunga nyuma.

3. Angalia sloti. PCI ni ya zamani, ya miaka ya 1990, sloti yake ni ndefu. PCI Express ilikuja miaka ya 2000, na ile ndogo kabisa ni fupi kama kidole. Haziingiliani. Mimi nilinunua ya PCI wakati kompyuta yangu ina PCI Express tu. Ila kadi fupi ya PCI Express inaingia hata kwenye sloti ndefu ya PCI Express.

4. Pima urefu wa kasha. Kama ni lile jembamba, ulizia kadi yenye bati fupi. Bati refu halifungi.

5. Chomeka kadi ikae sawa, kaza skrubu, washa, weka draiva. Fungua Device Manager ndani ya Windows, uone poti mpya imepewa namba gani, labda COM3. Programu za zamani huwa hazioni namba kubwa, ibadilishe iwe ndogo, bora isiwe imeshachukuliwa.

6. Linganisha mipangilio. Kasi ya mizani na ya programu lazima zifanane. Nyingi zinatumia 9600, ila soma kitabu cha mizani yako. Zikitofautiana unapata alama za ajabu badala ya namba.

Ukiona kimya kabisa, usikimbilie kulaumu kadi. Unganisha pini ya 2 na ya 3 za poti kwa kiwaya, halafu tuma herufi kwa programu ya kujaribia poti. Zikirudi, poti ni nzima, shida iko kwenye waya au mizani. Kuna waya ulionyooka na uliopishanisha pini hizo mbili, na mizani inataka mmoja wapo.

Wenye laptopu, sloti hizi hamna. Nyie tafuteni waya wa kubadilisha USB kuwa siriali.

Sasa naweka paketi, nabonyeza kitufe kwenye mizani, programu inapokea uzito na lebo inatoka na namba ileile. Kila jioni kabla ya kuanza naweka jiwe la kilo moja, nione kama kompyuta nayo inasema kilo moja.

Kadi ya pili nilinunua baada ya kuipiga picha sloti yangu na kumwonyesha muuzaji. Anza na hiyo picha, utaokoa elfu 35 yako.