HISA ZA KAMPUNI NA MGAWO WAKE: JINSI YA KUZIPIMA

Mwanachama akishalipwa fedha za mazao, na karo za shule zikaisha, huenda akabaki na akiba ambayo hataihitaji kwa miaka kumi. Baadhi ya wanachama huwauliza makatibu wao kama akiba hiyo yafaa kununulia hisa katika soko la hisa la Nairobi, hasa za kampuni inayokua na huku ikilipa mgawo wa faida. Makala haya yaeleza namna ya kuipima kampuni ya aina hiyo.

Kwanza ifahamike kwamba hisa ya kampuni si sawa na hisa ya chama cha ushirika. Chamani kila mwanachama ana kura moja, na hisa yake haipandi wala kushuka bei sokoni. Katika kampuni kura huhesabiwa kwa hisa, na bei hubadilika kila siku kati ya wauzaji na wanunuzi. Aidha, mgawo si riba: kampuni haikuahidi kuulipa kila mwaka.

Mfano wa Safaricom

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuzia umma hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Walionunua kwa nia ya kuuza upesi walivunjika moyo, kwani mapema mwaka 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 4. Mgawo wa mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2009 ulikuwa senti 10. Mwenye hisa 1,000, zilizomgharimu shilingi 5,000, alipata shilingi 100, yaani asilimia 2 tu.

Hata hivyo faida ilikua, ikisaidiwa sana na huduma ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2007. Mgawo wa mwaka uliokwisha Machi 2020 ulikuwa shilingi 1.40. Hisa zile zile 1,000 zilileta shilingi 1,400 kabla ya kodi: asilimia 28 ya fedha za mwanzo. Manufaa hayo yalimfikia aliyesubiri.

Maswali ya kuuliza

1. Je, faida kwa kila hisa yaongezeka? Mwaka mmoja hautoshi. Zitazamwe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano au zaidi.

2. Je, mgawo watoka katika faida? Mwaka 2020 faida ya Safaricom kwa kila hisa ilikuwa shilingi 1.84, kampuni ikagawa shilingi 1.40 na kubakiza iliyosalia. Kampuni inayogawa zaidi ya inachopata, mwaka baada ya mwaka, ni kama mkulima anayekula mbegu.

3. Je, bei yalingana na faida? Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40, ilhali faida ya mwaka uliokwisha Machi ilikuwa shilingi 1.71 kwa hisa. Mnunuzi alilipa faida ya zaidi ya miaka 23. Kampuni ilikuwa nzuri, lakini bei ilikuwa kubwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 15.

4. Je, kwa nini asilimia ya mgawo ni kubwa? Mgawo wa shilingi 1.37 kwa bei ya shilingi 40 haufiki asilimia 3.5. Mgawo wa shilingi 1.20, uliolipwa kwa mwaka uliokwisha Machi 2023, ni asilimia 8 kwa bei ya shilingi 15. Asilimia ilipanda ingawa mgawo wenyewe ulipungua, kwa kuwa bei ilianguka zaidi. Miongoni mwa sababu ni gharama za kuanzisha huduma nchini Ethiopia, iliyofunguliwa Oktoba 2022. Kwa hiyo asilimia kubwa yaweza kuwa onyo, na yafaa kuchunguzwa kabla ya kufurahiwa.

5. Je, madeni ya kampuni yakoje? Riba ya mkopo hulipwa kabla ya mgawo.

Tahadhari

Mwanachama asinunue hisa kwa fedha za mkopo, wala asiweke akiba yote katika kampuni moja. Akumbuke pia kwamba mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 katika mgawo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya akaunti ya hisa iandikwe na jamaa wajulishwe. Chini ya sheria ya mwaka 2011, mgawo uliokaa muda mrefu bila kudaiwa hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali za namna hiyo. Warithi wana haki ya kuudai, lakini hawawezi kudai wasichokijua.

Makatibu wanakumbushwa kwamba si kazi yao kumchagulia mwanachama hisa, wala fedha za chama haziguswi kwa jambo hili. Kazi yao ni kumsaidia kusoma hesabu za kampuni jinsi anavyosoma hesabu za chama chake kwenye mkutano mkuu, kisha kumwachia aamue mwenyewe.