Ukitaka Kumfikia Aliye Mbele, Punguza Mwendo

Mwaka wa 1984, nikiwa mwalimu kijana wa fizikia katika shule moja ya upili huku Pwani, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinyosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, setilaiti huzuiwa na nini isituangukie?" Nilimjibu bila kusita kwamba kule juu hakuna mvutano wa dunia. Kijana hakutosheka. Akauliza tena, ikiwa mvutano haufiki huko, mwezi nao umefungwa kwa kamba gani? Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka pamoja nao, kisha nikamwamuru aketi ili tuendelee na somo.

Leo sina budi kukiri hadharani kuwa jibu langu halikuwa la kweli, na kwamba katika miaka yangu 28 ya ualimu sikuwahi kuulizwa swali bora kuliko lile.

Aliyenifumbua macho si mwalimu mwenzangu wala si kitabu. Ni mjukuu wangu, aliyenikuta nimestaafu, sina kazi ila kusoma gazeti na kulalamikia bei ya unga, akaniwekea programu fulani katika kompyuta ya nyumbani (tarakilishi, kama wanavyotaka tuiite siku hizi). Nilimwambia kuwa umri wangu wa michezo umepita. "Babu, huu hauna risasi wala alama za ushindi," akanijibu. "Una sheria za Newton tu."

Programu yenyewe inaitwa Orbiter. Iliundwa na Martin Schweiger, mtaalamu wa University College London, ikatolewa kwa umma mwaka wa 2000 bila malipo, na mwaka wa 2021 hata maandishi ya ndani yanayoiendesha yakaachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuyachunguza. Sayari zimewekwa mahali pake, chombo kina uzito na mafuta yenye kikomo, na hakuna wa kukuhurumia ukikosea.

Safari yangu ya kwanza ilianzia kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu ya ardhi. Nilikibandua chombo changu kutoka kituoni, nikakiacha kielee nyuma kwa kilomita chache, kisha nikaamua kurudi. Ni kazi ya mtoto, nilidhani. Kituo hicho hapo mbele, kinang'aa. Nikakielekezea pua ya chombo na kuwasha injini, sawa na mtu anayekimbiza matatu iliyomwacha kituoni.

Badala ya kukaribia, nilipanda juu. Kisha nikaanza kuachwa nyuma. Nikaongeza moto, nikazidi kupanda na kuzidi kuachwa. Baada ya saa moja na nusu, muda wa kuizunguka dunia mara moja, kituo kilikuwa nukta isiyoonekana na tangi langu lilikuwa karibu kukauka. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo kwa mkono.

Nilirudia jioni ile na jioni zilizofuata, kwa ukaidi wa mzee, hadi nikalazimika kuichukua kalamu na karatasi. Hapo ndipo swali la 1984 liliponirudia. Mvutano wa dunia upo kule juu. Katika kimo cha kituo kile ungali karibu asilimia 90 ya ule unaotushika hapa chini. Setilaiti haikuzuiwa na chochote. Inaanguka tangu siku iliporushwa! Ila inakwenda upande kwa kasi ya kilomita zipatazo 7.7 kwa sekunde, hata kila inapoanguka, mgongo wa dunia nao unapinda na kuikwepa. Mwezi vivyo hivyo. Kijana yule alikuwa ameshika jibu mkononi, nami nikampokonya.

Ukishalielewa hilo, mengine yanafuata. Anayezunguka chini zaidi huenda kwa kasi zaidi, na njia yake ni fupi. Basi ukitaka kumfikia aliye mbele yako, funga breki. Ukipunguza mwendo kwa mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kivivu, utashuka kidogo na katika mzunguko mmoja utakuwa umejisogeza mbele kwa zaidi ya kilomita 16. Kisha usubiri. Ukiwa na pupa, umekwisha.

Nilifarijika kujua kwamba sikuwa mjinga wa kwanza, tena niliyetangulizana naye alikuwa rubani hodari. Mwezi Juni 1965, James McDivitt, nahodha wa chombo cha Marekani cha Gemini 4, alijaribu kukifuata kipande cha roketi iliyowapeleka angani. Alikilenga, akasukuma, nacho kikamkimbia, hata wakaamua kuliacha jaribio ili kuokoa mafuta. Desemba ya mwaka huo huo Gemini 6A iliifikia Gemini 7 hadi umbali usiotimia nusu mita, kwa kuwa safari hiyo walikwenda kwa hesabu.

Mimi ilinichukua wiki sita. Usiku mmoja nilikuwa nimebakisha mita arubaini kujishikiza kituoni stima ikakatika mtaa mzima. Sitaeleza niliyoyasema gizani.

Jambo lililonichoma zaidi, hata hivyo, lilikuwa hapa nyumbani. Siku moja nilikiweka chombo changu ufukweni karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, nikakirusha kuelekea mashariki, juu ya bahari. Kisha nikakirudisha na kukirusha kuelekea magharibi. Mafuta yaliyotosha mara ya kwanza hayakutosha mara ya pili. Karibu na ikweta dunia yenyewe hujizungusha kuelekea mashariki kwa takriban mita 465 kila sekunde, na anayerusha roketi kuelekea huko hupewa kasi hiyo bure. Anayekwenda kinyume huidaiwa. Hii ndiyo hazina iliyowaleta Waitaliano kusimamisha minara yao ya San Marco katika bahari yetu. Kutoka pale setilaiti zilirushwa tangu 1967 hadi 1988, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Nilifundisha fizikia katika pwani hiyo hiyo, na sikumbuki kuwaambia wanafunzi wangu hata mara moja kwa nini roketi zile zilikuja kwetu. Sikujua. Nilijua kanuni, nikaziandika ubaoni, wakazinakili, wakafaulu mtihani.

Wapo watakaosema kuwa shule zisizo na madawati hazina haja na michezo ya kompyuta. Siwabezi. Lakini shule nyingi tayari zina chumba chenye kompyuta chache, aghalabu kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa naibu wa mwalimu mkuu. Programu hii hainunuliwi, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Kinachohitajika ni mwalimu aliye tayari kukosea mbele ya darasa lake, na hiyo naona ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule mwanafunzi. Ni fundi wa mashua sasa, ndevu zimeingia mvi. Aliniamkia kwa heshima, akanitafutia kiti. Nilipomweleza kilichonileta, alifikiri kwa muda mrefu.

"Swali silikumbuki, Mwalimu," alisema. "Nakumbuka walivyocheka."

Niliifungua kompyuta juu ya meza yake ya kazi, kati ya randa na misumari, nikamwachia kiti. Alikitazama kituo kikielea mbele yake, akaweka kidole juu ya kitufe, akasita, akaniuliza ni kipi cha kurudisha nyuma.