Mshipa Usiojifunga

Mara nyingi barazani mwa Mji Mkongwe twasikia watu wakiulizana, "Mbona mtoto huyu hanenepi?" Mmoja husema ni mchango, mwingine husema ni kijicho. Huenda wote wawili wamekosea, na ugonjwa uko karibu na moyo.

Mtoto akiwa tumboni havuti pumzi. Kwa hiyo damu nyingi haipiti mapafuni, bali hufuata njia fupi, yaani mshipa uunganishao mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa moyo. Akiisha kuzaliwa, njia hiyo hujifunga yenyewe katika siku chache. Lakini kwa watoto wengine, hasa waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, hubaki wazi. Ndipo damu hurudi mapafuni, yakalemewa, na moyo ukachoka.

Alama zake ni hizi: mtoto huhema upesi, hutoka jasho anyonyapo, huachia ziwa kabla ya kushiba, tena huugua kifua mara kwa mara. Kando ya njia hiyo wapita mshipa wa fahamu uendeshao sauti. Mara chache, mishipa ya damu ikivimba huubana, na sauti ya mtoto ikakwaruza.

Zamani wagonjwa hawa hawakuwa na tiba. Mwaka 1938, huko Boston, Marekani, tabibu Robert Gross alimpasua kifua msichana wa miaka 7, akaufunga mshipa huo, naye akapona. Siku hizi mara nyingi kifua hakipasuliwi. Kizibo kidogo hupitishwa katika mshipa wa paja hata kifike mahali pake. Kazi hiyo hufanywa ng'ambo yetu, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Lakini dawa ina wakati wake. Njia hiyo ikiwa pana, na ikiachwa miaka mingi, mishipa ya mapafu hukakamaa, na kuiziba hakufai tena.

Basi mama asilaumiwe, maana hakukosa neno. Wala mtoto asikawizwe kwa hirizi na makombe. Mmwonapo mtoto wa namna hii, mpelekeni Mnazi Mmoja, mkamwombe tabibu ausikilize moyo wake. Kusikiliza huko ni kwa dakika chache tu, nako huweza kumpa mtoto umri wake wote.