Bedlam: Jina la Hospitali Lililogeuka Kuwa Ghasia



Usiku mmoja baada ya Isha, binti yangu aliye kidato cha tatu alinijia na kitabu chake cha Kiingereza. Alikuwa amekwama kwenye neno moja. "Baba," akauliza, "bedlam ni nini?" Nikafungua kamusi, nikamwambia, "Ni ghasia, mwanangu." Akaandika, akaenda zake. Lakini mimi sikutosheka, kwani madrasani tulizoezwa kutolipokea neno kabla ya kuijua asili yake. Nikalifuata neno hilo, likanifikisha nisikotarajia.

Tuanze na matumizi yake. Waingereza wana maneno mengi ya ghasia, kama sisi tulivyo na fujo, zogo, vurugu, tafrani na mchafukoge. Bedlam ni mchafukoge wenye kelele. Mtu aliyechanganyikiwa peke yake moyoni, asijue ashike lipi aache lipi, hali yake haiitwi bedlam. Neno hili hutaka watu wengi na sauti nyingi, na asiwepo wa kusikilizwa. Darasa ambalo mwalimu ametoka, kivuko cha Likoni siku feri ilipochelewa, uani kwa bibi harusi dakika chache kabla ya pilau kupakuliwa: hapo ndipo mahali pake. Huandikwa kwa herufi ndogo, wala halihesabiki; hakuna bedlam moja wala mbili.

Zamani, hata hivyo, liliandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu lilikuwa jina la mahali.

Mwaka 1247 ilijengwa London nyumba ya watawa wa Kikristo iliyopewa jina la Bethlehemu, mji wa Palestina tuuitao Bayt Lahm, unaojulikana tangu kale kuwa ndipo alipozaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Kwa Kiebrania jina hilo lina maana ya nyumba ya mkate. Nyumba ile ya London ikawa hospitali, na kumbukumbu za mwaka 1403 zinataja wanaume sita waliopotewa na akili waliokuwa wakitunzwa humo. Ndimi za watu wa mji zikalifupisha jina: Bethlehemu ikawa Bethlem, na Bethlem ikawa Bedlam.

Mwaka 1676 hospitali ilihamishiwa jengo kubwa la fahari huko Moorfields. Nje palikuwa kama kasri. Ndani mlikuwa na minyororo. Watu wa mjini walikuwa wakienda siku za mapumziko kuwatazama wagonjwa kama watazamavyo wanyama, wakitia sarafu katika sanduku mlangoni. Wengine waliwachokoza wagonjwa ili wapate kucheka. Haikuwa mpaka mwaka 1770 ndipo matembezi hayo yalipowekewa mipaka. Na mwaka 1814 wakaguzi walimkuta humo mgonjwa aitwaye James Norris amefungwa kwa vyuma shingoni na kiwiliwili, hali aliyokuwa ameishi nayo kwa takriban miaka kumi.

Basi ghasia inayotajwa na neno hili ni vilio vya wagonjwa, vilivyosikika masikioni mwa waliokwenda kuwacheka. Wagonjwa wamekufa, hospitali imehamishwa mara kadhaa, na dhihaka imebaki katika lugha.

Msomaji asidhani kwamba sisi tumesalimika. Waislamu walijenga maristani za kutibu maradhi ya mwili na ya akili. Nur al-Din alijenga yake Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni mahali pa wagonjwa, wagonjwa wote. Lakini maristani zilipofifia, neno likabakia vinywani mwa watu kwa maana ya nyumba ya wenda wazimu peke yake, kisha likawa la mzaha. Hapa Kenya, hospitali ya Mathari imehudumu Nairobi tangu mwaka 1910, na mtu akisema jambo la ajabu hutaniwa kuwa mahali pake ni Mathari. Wenzetu wa Tanzania hutaniana hivyo hivyo kwa Mirembe ya Dodoma. Njia ni ile ile iliyopitwa na Bedlam.

Utani huo una gharama. Niliwahi kuitwa katika nyumba moja nimsomee kijana asiyelala usiku, akisema na watu wasioonekana. Nilipomaliza kusoma, mama yake alinifuata mpaka ukumbini, akaninong'oneza kwamba daktari alikwisha waandikia barua ya kumpeleka Mathari, lakini baba mtu amekataa. "Sheikh, anasema watu watatucheka." Barua ile ilikuwa imelala kabatini miaka miwili. Nikarudi ndani nikamwambia baba kwamba kisomo na dawa havigombani, na aliyeteremsha maradhi ameteremsha na tiba. Alikubali baada ya wiki kadhaa. Kijana leo anakunywa dawa zake na husali nasi safu moja.

Lakini na mimi nina langu la kutubia. Siku hizo hizo, watoto wa madrasa walipiga kelele, nikawafokea: "Mmepandwa na wazimu?" Wote wakacheka, isipokuwa msichana mmoja aliyeinamisha kichwa juu ya juzuu yake. Alikuwa dada yake kijana yule.

Mama zangu na dada zangu, ninyi ndio mnaofundisha lugha nyumbani kabla ya shule na madrasa. Watoto wakileta zogo, maneno ya kuwakanya tunayo tele, yasiyomgusa mgonjwa wa mtu. Na jina la hospitali litajwe mbele yao kama tutajavyo duka la dawa, ili siku ikihitajika pasiwe na wa kuona haya kuingia.

Binti yangu nimemwita tena, nikamwomba daftari. Chini ya "ghasia" ameongeza kwa mkono wake: "Hapo kwanza, jina la hospitali." Mwalimu wake akimuuliza, atajua la kusema.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atuhifadhie ndimi zetu. Amin.