Safari ya Kwanza ya Kuwinda kwa Upinde

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinijia mlangoni na upinde aliouchonga mwenyewe kwa fito ya mkole. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu akitaka kwenda kumwinda nyati kwa upinde, ajitayarishe vipi?" Wenzake waliokuwa nyuma wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lake lilikuwa swali la kweli, ila jawabu lake ni refu, halijibiki kwa kusimama. Basi namjibu hapa, na wengine wasome.

Kwanza habari ya sheria, nayo nitaipita upesi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jirani yetu wa upande wa magharibi, ilimegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, na ndani yake hapana ruhusa ya kuwinda kwa silaha yo yote. Nje ya hifadhi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamtaka mwindaji awe na leseni, tena yakataza silaha zenye sumu. Wahadzabe wameruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula, kwa kuwa ndiyo maisha yao. Wewe na mimi hatumo katika ruhusa hiyo.

Lakini kujifunza kwao hakukatazwi. Wahadzabe hukaa kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, kaskazini mwa nchi yetu, nao si wengi: yapata watu elfu moja na mia kadhaa. Mtoto wao wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na kutwa nzima hulenga ndege, panya na vibuyu. Afikapo utu uzima upinde wake hukaribia kimo chake mwenyewe, na kuuvuta kwahitaji nguvu kama ya kuinua kilo 30. Jaribu kuinua mzigo huo kwa vidole vitatu, kisha utulie pasipo kutetemeka huku ukilenga, ndipo utajua kwa nini nasema mazoezi ni ya miaka wala si ya majuma.

Mishale yao si ya namna moja. Upo wa mti mtupu uliochongwa ncha, wa ndege na wanyama wadogo. Upo wenye chembe cha chuma, aghalabu msumari uliofuliwa kwa nyundo ukawa bapa. Na upo wa tatu, wenye chembe kilichopakwa sumu na kufungwa ngozi ili isikauke wala isimchome mwenyewe. Huo ndio wa wanyama wakubwa. Sumu hiyo hutoka katika mimea, na kazi yake ni kuuvuruga moyo. Sumu ya jamii hiyo ilimfundisha jambo Daktari John Kirk, aliyesafiri na Livingstone katika mto Zambezi, na baadaye akawa balozi wa Uingereza huko Unguja. Mswaki wake ulikuwa umekaa mfukoni pamoja na sumu ya mishale. Alipousugua menoni akaonja uchungu, akajipima, akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Baadaye mtaalamu wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo akapata dawa ya maradhi ya moyo. Wanafunzi wa baiolojia waliandike hilo.

Sasa nije kwenye kiini. Watu wengi hudhani kwamba kuwinda ni kufyatua mshale. La, mshale haumwangushi mnyama mkubwa pale pale kama risasi. Mhadzabe akishampiga mnyama mkubwa hamkimbilii. Hutazama amekwenda upande gani, huweka alama mahali aliposimama, huokota vipande vya mshale ili ajue umeingia kiasi gani, kisha hurudi kambini polepole. Huenda akangoja saa kadhaa, huenda akalala usiku mzima, ndipo huenda na wenzake kufuata nyayo. Sababu ni nyepesi kueleza: mnyama asiyefukuzwa hulala karibu, akadhoofika hapo, mnyama anayefukuzwa hukimbia maili nyingi, akafia kusikojulikana, akaliwa na fisi.

Kwetu Rufiji kuna sababu ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Nyati aliyejeruhiwa hujificha katika matete na vichaka vya kando ya mto. Hachagui amlipie nani. Anayempita kesho yake yawezekana kuwa mama anayekwenda kuokota kuni, asiye na habari ya mshale wa mtu. Kwa hiyo asiyejua kufuata nyayo hana haki ya kufyatua, hata kama ana shabaha ya ajabu.

Huko Alaska na Canada nako watu huwinda kwa upinde mnyama aitwaye musi. Ni wa jamii ya kulungu, ila ni mzito kama nyati dume. Safari zao huwa hasa mwezi wa Septemba. Wao hawatumii sumu, bali chembe chenye makali kama wembe, nao humngoja ageuke ubavu ili mshale upite katika mapafu, kwa umbali wa hatua ishirini au thelathini. Wakishampiga, nao hukaa chini wakangoja. Kisha huja taabu ambayo wageni huisahau: nyama. Musi mmoja hutoa nyama zaidi ya kilo 200, na sheria ya Alaska yamlazimisha mwindaji aichukue yote iliwayo, asije akaondoka na pembe tu. Mwenye akili hampigi musi aliye mbali kuliko awezavyo kubeba. Wahadzabe wamelitatua jambo hilo vizuri kuliko wote: kambi nzima huifuata nyama.

Tena msidhani chakula chao hutegemea bahati ya upinde. Wataalamu waliokaa nao katika miaka ya 1980 walihesabu siku za uwindaji, wakaona kwamba mwindaji alirudi bila mnyama mkubwa katika siku 97 kwa kila siku 100. Watu hula mizizi, matunda na asali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya akina mama. Mwishoni mwa kiangazi wanaume huvizia usiku penye maji, wawili wawili. Wazazi wetu wanaolala madunguni kulinda mpunga wataelewa bila kuambiwa jinsi usiku wa namna ile ulivyo mrefu.

Yule kijana nimempa kazi mbili. Ya kwanza ni gunia lililojazwa majani ya mpunga, lenye duara la ukubwa wa sahani, hatua ishirini. Mishale kumi yote iingie ndani ya duara, siku kumi mfululizo. Ya pili ni mbuzi. Kila asubuhi amchague mbuzi mmoja kundini, afuate nyayo zake peke yake mchangani, asizichanganye na za wenziwe, mpaka amwone mwenyewe kwa macho. Aipime na pepo kwa kudondosha jivu, maana mnyama hutuambia tupo kwa pua yake kabla ya macho.

Mpaka naandika haya, mishale inayoingia ni sita. Mbuzi amempoteza mara nne, na mara moja alimfuata mbuzi wa jirani hadi jikoni kwa watu.