Simu ya Ofisi Isiwe Hodi Isiyoitikiwa

Mkulima wa Rudewa akiwa na shida katika ofisi iliyoko Kilosa mjini ana njia mbili: apande gari au apige simu. Simu ni nafuu, mradi ipokewe na mtu. Leo nataka tuzungumzie jinsi simu zinazoingia ofisini zinavyopangiwa njia.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya opereta, aliyechomeka waya kwa mkono. Mwaka 1891 Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi huko Marekani, alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu wenyewe. Husimuliwa kwamba alichoshwa na opereta aliyewapeleka wateja wake kwa mshindani. Mtambo ulimwondoa opereta, lakini swali likabaki: simu hii iende kwa nani?

Siku hizi ofisi nyingi hupokea kwa sauti iliyorekodiwa: bonyeza moja, bonyeza mbili. Hapa pana jambo wakubwa wengi hawalifikirii. Simu ikiita bila kupokewa, kwa kawaida mpigaji hatozwi. Sauti ile ikianza kusema tu, gharama inahesabiwa. Muziki wa kusubiri anaulipia yule mkulima.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, andikeni karatasini ni nani hupiga na kwa shida gani, ndipo mpange mtambo. Pili, machaguo yasizidi matatu, yawe kwa Kiswahili, na sifuri impeleke mpigaji kwa mtu. Tatu, simu ya mapokezi isipoinuliwa kwa sekunde 20, ziite meza mbili tatu kwa pamoja. Nazo zikiwa kimya, iende kwenye simu ya mkononi ya afisa wa zamu. Nne, baada ya saa za kazi, sauti itaje kwa kifupi ofisi inafunguliwa lini na namba ya kupiga kwa dharura.

Kilosa inajua maana ya dharura. Mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliwatoa maelfu ya watu majumbani na kuharibu reli. Maji hayangojei saa 1:30 asubuhi ofisi ifunguliwe.

Mwisho, mkuu wa ofisi aujaribu mpango wake mwenyewe. Apige kutoka nje, saa ya chakula cha mchana, kwa vocha aliyoinunua yeye. Hapo ndipo atakapojua ofisi yake inaitikaje hodi.