Basketi ya shule Marekani: daraja linatoka kwa hesabu ya wanafunzi

Simu inaingia usiku Uvira ao Beni. Mtoto wa ndugu anayeishi Marekani anatangaza kwa furaha kwamba timu ya shule yake imechukua ubingwa wa jimbo, daraja la 2A. Familia inashangilia, kiisha swali linakuja: 2A ni nini? Kama huko juu kuna 6A, basi mtoto anacheza ligi ya chini?

Wakongomani wengi waliohamia Marekani wanaishi katika majimbo kama Kentucky, Indiana na Texas, na huko basketi ya shule za sekondari siyo mchezo mdogo. Lakini ile namba na herufi haisemi timu iko na nguvu kiasi gani. Inasema shule iko na wanafunzi wangapi.

Namna wanavyohesabu

Tuchukue Texas. Mashindano ya shule za serikali yanasimamiwa na shirika linaloitwa UIL, na kila miaka miwili linapanga madaraja upya. Shule inapeleka idadi ya wanafunzi wote wa miaka minne ya sekondari, darasa la 9 mpaka la 12, wavulana na wasichana pamoja. Hesabu inachukuliwa Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Kufika mwezi wa pili, kila shule inajua imewekwa wapi.

Kwa kipindi cha 2024 mpaka 2026, mipaka iliwekwa hivi:

- 6A: wanafunzi 2,275 na zaidi
- 5A: 1,315 mpaka 2,274
- 4A: 545 mpaka 1,314
- 3A: 254 mpaka 544
- 2A: 105 mpaka 253
- 1A: chini ya 105

Angalia mpaka wa 4A na 5A. Shule yenye wanafunzi 1,314 ndiyo kubwa kuliko zote katika daraja lake. Akiongezeka mmoja tu, inapanda 5A, na huko inaweza kupambana na shule ya watu 2,200. Na yule mmoja anaweza kuwa msichana ambaye hajawahi kushika mpira, ao mtoto aliyefika na wazazi wake mwezi huo huo.

Kwa nini wasitumie matokeo?

Katika ligi ya mpira wa miguu, timu inapanda ikishinda na inashuka ikipoteza. Shule ya serikali haiwezi kununua wachezaji. Kwa kawaida inapokea watoto wanaoishi katika eneo lake, na kocha anachagua kati ya wale waliopo.

Tuseme shule ya kijijini iko na wanafunzi 100. Wavulana ni 50 hivi. Wengine hawapendi michezo, wengine wanafanya kazi kiisha masomo. Kocha akipata kumi wa kuvaa jezi, anashukuru. Shule ya mjini yenye wanafunzi 2,400 iko na wavulana 1,200. Huyo kocha anafanya majaribio, anaacha wengi nyumbani, na kupata vijana wawili warefu sana siyo ajabu kwake. Basketi inachezwa na watu watano tu uwanjani, kwa hiyo hao wawili wanatosha kubadili msimu mzima.

Milan, 1954

Hata hivyo, kuna jimbo ambalo lilikataa madaraja kwa miaka mingi. Indiana ilikuwa na kombe moja tu, shule kubwa na ndogo zote pamoja. Mwaka 1954, shule 751 ziliingia katika mashindano hayo. Fainali ilikutanisha Muncie Central na Milan, shule ya mji mdogo yenye wanafunzi 161. Muncie Central ilikuwa kubwa mara kumi hivi.

Milan ilishinda 32 kwa 30. Mchezaji wake Bobby Plump alishika mpira kwa dakika zaidi ya nne katika robo ya mwisho, kiisha akatupa mpira wa ushindi sekunde za mwisho. Filamu Hoosiers ya 1986 ilitokana na habari hiyo.

Lakini watu wanaikumbuka Milan kwa sababu jambo lile halikuwa la kawaida. Tangu msimu wa 1997-98, Indiana inagawa shule zake katika madaraja manne. Wanaounga mkono wanasema sasa vijana wa shule ndogo wanaleta kombe nyumbani. Wanaopinga wanajibu kwamba mabingwa wanne hawana uzito wa bingwa mmoja, na kwamba Milan nyingine haiwezi kutokea tena.

Hesabu haioni yote

Kuna tena tatizo la shule za binafsi. Zinaweza kuwa na wanafunzi wachache, lakini zinawatoa mji mzima. Jimbo la Illinois linazidisha idadi ya shule zisizo na mipaka ya eneo kwa 1.65. Shule yenye wanafunzi 1,000 inahesabiwa kama iko na 1,650. Ile ambayo haijafaulu sana inaweza kuachiliwa isizidishiwe. Indiana imeongeza kanuni nyingine: timu inayoshinda sana kwa miaka miwili inakusanya pointi na kupandishwa daraja, hata kama wanafunzi wake hawajaongezeka.

Kentucky, ambako Wakongomani ni wengi katika miji ya Lexington na Louisville, imebaki na njia ya zamani. Mabingwa wa kanda 16 wanakutana kugombea kombe moja, bila kuuliza shule iko na watu wangapi.

Basi yule mtoto wa 2A amechukua nini? Kama yuko Texas, kwa mipaka ya 2024 mpaka 2026 shule yake iko na wanafunzi wasiozidi 253, na imeshinda shule zinazolingana nayo. Kama yuko Indiana, jibu linabadilika, sababu kule 4A ndiyo daraja la juu kabisa. Kwa hiyo simu ikiingia tena, swali la kwanza ni jimbo gani, na la pili ni: pale shuleni mko wangapi?